Kamera ya Pili Ina Kazi Gani?

Kuvu ya lenzi huanza kidogo sana. Ukiielekeza lenzi kwenye taa na kuchungulia kwa nyuma, unaona uzi mmoja mweupe pembeni ya kioo, mwembamba kuliko unywele, na matawi yake mawili matatu. Mwezi uliopita niliuona uzi huo ndani ya lenzi ambayo sikuitoa kabatini tangu kabla ya Ramadhani. Sisi wakazi wa Mombasa tunalijua balaa hili. Unyevu wa hewa yetu mara nyingi hupita asilimia 70, na kuvu hupenda penye giza, joto na hewa isiyotembea, yaani ndani ya begi la kamera lililofungwa zipu. Ukiiacha, hutoa asidi inayokula utando wa kioo, na hapo hata fundi akiisafisha, alama hubaki.

Kamera yenye lenzi hiyo ilikuwa ya tatu kati ya zangu. Mama aliponiona nimezipanga mezani nikizikagua moja moja, aliniuliza, "Mwanangu, jicho la kuchungulia unalo moja. Kamera zote hizi za nini?" Ni swali la haki, na wapenda picha wengi huulizwa hilo hilo majumbani mwao. Nasema wapenda picha, si wale wanaolipwa. Mpiga picha wa harusi akikosa kamera ya akiba, siku moja atasimama mbele ya bibi harusi na kamera iliyokufa mkononi. Jibu lake linajulikana. Huyu mwingine, anayepiga picha kwa mapenzi tu na mshahara wake ukitoka kwingine, jibu lake ni lipi?

Watu hupenda kumtaja Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzisha kampuni ya picha ya Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia. Alizoea kurekodi tukio kwa kamera ya sinema na papo hapo kupiga picha mnato kwa nyingine. Ni kweli, lakini mfano huo haumsaidii mpenda picha. Amin alikuwa na wateja wa aina mbili, televisheni na magazeti, na kila kamera ilikuwa na mnunuzi wake. Sisi hatuna mnunuzi. Sababu zetu lazima zitoke kwenye picha zenyewe.

Na sababu zipo. Chukua safari ya Amboseli mwezi wa Agosti. Paa la gari liko wazi, vumbi laini kama unga linaingia kila mahali. Ndovu wako mita mia mbili na wewe umefunga lenzi ndefu ya milimita 100-400, ya kuvuta vya mbali. Mara mmoja anatokea upande wa pili wa gari, karibu kiasi cha kumsikia aking'oa majani. Lenzi yako inakuonyesha jicho na kipande cha sikio. Mwenye bodi moja, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ana njia mbili: picha impite, au afungue kamera abadili lenzi katikati ya lile vumbi. Vumbi likitua kwenye kihisi, kile kibamba kinachopokea mwanga, kila picha ya anga itatoka na madoa ya kijivu, hasa ukifinya tundu la lenzi hadi f/11 na kuendelea (namba ya f ikikua, tundu linapungua). Mwenye bodi mbili huinua ile yenye lenzi fupi ya 24-70, inayoona eneo pana, na kupiga. Hapo sioni anasa yoyote. Bodi ya pili inaweza kuwa nzee ya miaka kumi, na ndovu aliye mita nane kutoka kwako atatoka vizuri tu.

Sababu ya pili ndiyo ninayoijali zaidi, na haihusu ubora wa picha. Kamera humbadilisha mtu aliye mbele yake. Nikiingia soko la Marikiti na kamera kubwa shingoni, muuza viungo hunyoosha mgongo na kuweka kofia sawa, au hufunika uso kwa kiganja na kuniuliza picha zinakwenda gazeti gani. Nikiingia na kamera ndogo, ile inayojaa kiganjani, ananiuliza nataka pilipili manga kiasi gani. Tunaongea. Naomba ruhusa vilevile, maana udogo wa kamera haumwondolei mtu adabu, lakini ruhusa inayotoka baada ya mazungumzo ni nyingine kabisa. Uso haujajifunga. Hakuna idadi ya megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, inayoweza kuufungua uso uliojifunga.

Kamera ndogo yangu ni ya ukoo wa Fujifilm X100, ulioanza mwaka 2011: lenzi moja isiyobadilishwa, ya milimita 23 na tundu la f/2. Wanaoidharau husema ni kamera isiyovuta vya mbali, isiyobadilishwa lenzi, ya kujionyesha begani. Kwa jua la Pwani mimi nawapinga. Fikiria mzee anatoka swala ya Ijumaa, saa saba mchana, kanzu nyeupe pepe, uso mweusi chini ya kofia. Ukipima mwanga kwa kanzu, uso unazama gizani. Ukipima kwa uso, kanzu inageuka karatasi tupu isiyo na mkunjo wala mshono. Dawa ni kuujaza uso mwanga wa flashi. Lakini kamera nyingi kubwa, kwa jinsi shata yao, kile kipazia kinachofunguka kupitisha mwanga, inavyofanya kazi, haziafikiani na flashi ukizidi kasi ya sehemu moja ya 200 au ya 250 ya sekunde. Kwa jua lile, kasi hiyo inakulazimisha kufinya tundu hadi karibu f/16, flashi inahema, na ukuta ulio nyuma ya mzee unaonekana wazi sawa na yeye. Shata ya X100 imo ndani ya lenzi yenyewe, hivyo inakubali flashi hata kwenye sehemu moja ya 1000. Tena ina kichujio chake cha ndani kinachopunguza mwanga mara nane. Ukiviweka pamoja unaweza kufungua tundu hadi f/2.8 au karibu na hapo, mchana wa jua la utosi, na mzee akatokeza mbele ya ukuta uliolainika. Flashi kubwa za kisasa zinaweza kuvuka ule mpaka wa kasi, hilo nakubali, ila nguvu zake hupungua sana zikifanya hivyo, na ni za kubebwa na msaidizi.

Isitoshe, shata hiyo haisikiki. Kwenye maulidi au matangani, kelele ya kamera kubwa ni utovu wa heshima.

Basi, je, kila kazi ipate kamera yake? Hapa ndipo ninapoachana na rafiki zangu wengi.

Gharama ya kamera haiishii kwenye kamera. Bodi ya chapa nyingine huja na lenzi zake, betri zake na chaja yake, na hakuna kinachoingia kwenye ile uliyonayo. Lakini hata mwenye fedha analipa kwa njia nyingine, nayo ni mikono. Pete za lenzi za Nikon huzunguka upande ulio kinyume na za Canon, na hata kuifunga lenzi kwenye bodi, moja unazungusha kushoto na nyingine kulia. Mezani ni jambo dogo. Pale tai mla samaki anaposhuka juu ya maji, una nusu sekunde, na mkono uliozoea kulia ukienda kulia kwenye kamera ya kushoto, ndege ameshaondoka na samaki wake. Mtu anayetumia kamera moja kila siku hufika mahali vidole vinafikiri vyenyewe. Anayezungusha kamera nne kwa zamu huanza upya kila Jumamosi. Nimeona watu wenye makabati ya kutamanisha ambao picha zao za mwaka wa sita hazijapita za mwaka wa pili, na naamini hii ndiyo sababu.

Zaidi ya hapo, kazi mbili za zamani siku hizi zinaweza kufanywa na kamera moja. Mfano mzuri ni wa Nikon. Wapiga picha za wanyama walikuwa wakishauriwa kuwa na bodi yenye kihisi kidogo, kwa sababu kihisi hicho hukata pembeni na lenzi ya milimita 400 ikaona kama ya 600. Mwaka 2016 ikatoka D500 kwa kazi hiyo hasa: megapikseli 20.9, picha 10 kwa sekunde. Mwaka mmoja baadaye ikaja D850 yenye kihisi kikubwa na megapikseli 45.7. Ukiiambia D850 itumie eneo la katikati tu, sawa na kihisi cha D500, unabaki na megapikseli kama 19. Tofauti hiyo hutaiona ukutani. Kwa hiyo mwenye D850 ana kamera mbili ndani ya moja. Lakini tazama upande wa pili: hupiga picha 7 kwa sekunde badala ya 10, na Marekani ilitoka kwa dola takribani 3,300 wakati D500 ilitoka kwa 2,000. Kwa hiyo anayepiga ndege tu hana haja ya kulipia kihisi kikubwa, na anayepiga ndege na mandhari hana haja ya kununua zote mbili. Hesabu ni rahisi kwa anayejua anapiga nini. Wanaopata shida ni wale wanaonunua kwanza ndipo watafute cha kupiga.

Ndege wananikumbusha jamaa mmoja mtazamaji wa ndege ambaye amebaki na Nikon P900 yake ya mwaka 2015, kamera isiyobadilishwa lenzi, inayovuta hadi sawa na milimita 2000 na uzito wake haufiki kilo moja. Lenzi ya kitaalamu ya milimita 600 yenye tundu la f/4 peke yake ina kilo tatu au zaidi. Kule kwenye hori ya Mida, maji yanapokupwa na ndege wa ufukweni wametapakaa kwenye matope chini ya jua, P900 inampa kila anachotaka. Akivuka barabara na kuingia msitu wa Arabuko-Sokoke, chini ya miti minene, kihisi chake kidogo kinaishiwa mwanga na manyoya yanatoka kama uji. Amekuwa akijiuliza anunue kamera ya msituni. Nilimuuliza msituni anakwenda mara ngapi kwa mwaka. Mara mbili. Tukakubaliana kwamba mara hizo mbili ataazima.

Kamera za mkanda, yaani za filamu, nitazipita haraka. Nikon FM2 ya mwaka 1982 hufyatua bila betri, kwani betri yake ni ya kupimia mwanga tu, na mkanda wa picha 36 unamfundisha mtu kutazama kabla ya kubonyeza. Faida hiyo naiamini. Ila mikanda imekuwa adimu, na mahali pa kuisafisha ni adimu zaidi. Kwa anayeipenda kazi ya mkono hiyo ni sababu tosha, na simwombi aeleze zaidi.

Simu je? Wengi huiacha nje ya hesabu, nami naona wanakosea. Ni kamera, na kwa wengi wetu ndiyo iliyo mfukoni siku zote. Risiti, mtoto amepanda mti, mvua inayokuja kutoka baharini: simu inatosha. Anayesema ana kamera mbili, kwa kweli ana tatu, na kamera ndogo anayotaka kununua lazima ishinde simu kwanza, si ile kubwa.

Kipimo ninachokitumia sasa ni cha kompyuta. Kila faili ya picha hubeba jina la kamera iliyoipiga, na programu kama Lightroom hukuwezesha kuchuja picha zako kwa jina hilo. Nilichuja za mwaka mzima, mara mbili: kwanza zote nilizopiga, kisha zile tu nilizozichapisha kwenye karatasi au kuwapa wenyewe. Kwa wingi, kamera kubwa iliongoza kwa mbali. Kwa zilizochapishwa, ile ndogo ilikuwa mbele, na karibu zote zilikuwa za watu. Ningehesabu mibofyo tu ningeiuza kamera ndogo, ningefanya kosa kubwa. Kamera ya tatu haikuwa na hata picha moja kwenye orodha ya pili. Niliinunua kwa sababu ilifanya kazi ileile ya kubwa, vizuri kidogo zaidi.

Ndipo ninaposimama: mbali na simu, mbili ni haki ya mpenda picha, ikiwa ya pili inampeleka mahali ambapo ya kwanza haimfikishi, kama pale barazani kwa mzee au upande wa pili wa gari. Ikimpeleka palepale kwa ubora zaidi, auze ya kwanza kabla ya kununua.

Lenzi yenye kuvu iko kwa fundi. Bodi yake nimempa mpwa wangu anayepiga picha za majahazi kila jioni Bandari ya Kale, na lenzi ikirudi itakuwa yake pia. Mbili zilizobaki nimezihamishia kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Jumapili asubuhi nazitoa zote, nafungua vifuniko vya lenzi, naziacha saa moja barazani penye mwanga.