Majeruhi Hazungumzi

Siku ya pili ya mafunzo ya kupanda minara ya simu, mkufunzi aliuliza nani anajitolea kuwa majeruhi. Hajamaliza, mkono wangu uko juu. Waokoaji wapande, wafunge kamba, watoke jasho. Majeruhi ananing'inia tu kafumba macho. Kazi ya aina hiyo naiweza tangu shule.

"Umezimia," akaniambia. "Hata ukiguswa, kimya."

Nikaning'inizwa kwenye hanesi, ile mikanda ya usalama inayovaliwa mwilini, mita 8 hivi kutoka chini. Ndipo akataja wa kuniokoa. Nikachungulia. Mdai! Jina lake halisi silitaji, na hata kwenye simu nimemwandika hivyo hivyo. Tangu mwezi wa tatu namkwepa kwa shilingi 30,000. Kantini napita mlango wa jikoni; kwenye daladala nikimwona, nimeshafika.

Leo nimefungwa juu ya chuma, naye anapanda taratibu, maana kulabu ya kwanza haiachiwi mpaka ya pili ishike. Klik. Klik. Kila moja naihesabu.

Akafika, akanigusa bega. "Unanisikia?" kwa sauti kubwa, kama tulivyofundishwa.

Kimya.

Akasogeza mdomo sikioni. "Na ile elfu thelathini?"

Nikazidi kuzimia.

"Haya, mimi sina haraka," akasema, akaegemea mkanda wake.

Asubuhi darasani tulielezwa kwamba mtu akining'inia bila kusogea, mikanda ya mapajani inabana, damu inatuama miguuni, na dakika chache zinatosha kumzimisha kweli. Ndiyo maana mpango wa uokoaji unaandaliwa kabla mtu hajapanda. Huwezi kupiga 114 halafu ukae kungoja zimamoto watoke kwenye foleni ya Ubungo. Nilikuwa nimeyaandika yote daftarini kwa mwandiko mzuri. Sasa nikawa nayadurusu kwa mapaja. Sehemu nyingine ambako mikanda ile hupita, tuheshimiane.

Kamba ya akiba alikuwa nayo mkufunzi chini, kwa hiyo kufa nisingekufa. Kudaiwa ndiyo hakukuwa na kamba yake.

"Mbona hamshuki?" mkufunzi akauliza.

"Majeruhi hatoi ushirikiano, mwalimu!"

Vidole vya miguu vikaanza ganzi. Nikafumbua jicho moja. "Ijumaa, kaka. Mshahara ukiingia tu. Haki ya Mungu."

"Ijumaa ipi?" Aliyeuliza ni mkufunzi, na darasa zima limetega masikio.

"Hii hii!"

Hapo ndipo Mdai alipokumbuka kuokoa. Akaniunganisha na kamba yake, akabonyeza mpini wa kifaa cha kushushia, nikateremka polepole kama kontena bandarini. Chini wakanipigia makofi, sijui ya nini.

Kwenye fomu, Mdai alipata alama zote. Mimi niliandikiwa: "Majeruhi alizinduka mapema."

Ijumaa, saa nne asubuhi, simu ikaita. Nikatazama jina.

Nikazimia.