Bata wa Mbao Ana Jina, Kinyago Hakina

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwenye soko la sanaa ya mbao mambo ni kinyume: kilichochakaa ndicho chenye bei. Sebule za Masaki na Mikocheni, hapa Dar es Salaam, zina makasha ya Kizanzibari yenye njumu za shaba, viti vya kichifu vya Kinyamwezi, vinyago vya Kongo, hata farasi mwekundu wa mbao kutoka Sweden. Zamani tulisema huo ni ugonjwa wa wazungu. Sasa na wenyeji wenye uwezo wamo, na ubishi umehamia kwetu: je, mkusanyaji ni mwokozi au ni mporaji mwenye adabu?

Upande wa uokozi una hoja nzito. Mbao haidumu hapa kwetu. Mchwa, dumuzi na unyevu wa pwani havijui urithi. Vinyago vya mapiko, vile Wamakonde wanavyovaa kwenye ngoma za jando na unyago, vilichongwa kwa mti mwepesi ili mchezaji aweze kucheza navyo, na mti mwepesi ndio unaoliwa haraka. Anayewalaani wakusanyaji wote ajiulize kinyago cha miaka ya 1900 angekionea wapi leo. Tena fedha ya mgeni imezaa sanaa, si kuizika tu. Uchongaji wa mpingo tunaojivunia ulishika kasi miaka ya 1950, wachongaji wa Kimakonde waliotoka Msumbiji walipopata wateja na madalali huku Tanganyika. Mtindo wa shetani, yaani sanamu za mapepo zenye maumbo ya ajabu, ambao Samaki Likankoa hutajwa kuwa mwanzilishi wake, ulikulia katika biashara hiyo. Wanaotaka sanaa "safi" isiyoguswa na soko hawapendi kukumbushwa hilo.

Lakini angalia nani anafaidi. Mwaka 2021 wazee wawili nchini Ufaransa walimuuzia mnunuzi wa vitu vikuukuu kinyago cha Wafang wa Gabon kwa yuro 150. Mwaka uliofuata kikapigwa mnada Montpellier kwa yuro milioni 4.2. Wazee wakaenda mahakamani, Gabon nayo ikadai chake, na wote wakashindwa mwaka 2023. Katika mvutano wote ule, aliyekichonga hakuwa na jina.

Hapo ndipo penye shida yangu kubwa, kuliko hata wizi. Wamarekani nao wana sanaa yao ya mbao ya watu wa kawaida: bata wa kuchonga, ambao wawindaji waliwaelesha majini ili kuwavuta bata wa kweli. Mwaka 2007 bata wawili waliochongwa na Elmer Crowell waliuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja kila mmoja. Mnunuzi alilipia mkono wa Crowell. Kinyago chetu huandikwa "Makonde" au "Fang" basi, kana kwamba kabila zima lilishika tezo moja. Kutojulikana huko kumekuwa sehemu ya mvuto, na ndiko kunakorahisisha wizi.

Mfano uko hapa hapa mjini. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kikanunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Mazungumzo yalichukua miaka, kikarudishwa mwaka 2010. Hicho kilikuwa na makumbusho ya kukidai. Kilichobebwa kutoka kijijini Newala, bila picha wala namba, nani atakidai?

Sheria tunayo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kiutamaduni na milango ya nakshi iliyotengenezwa kabla ya 1940, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Kwa hiyo muuzaji anayemwapia mtalii kwamba kinyago chake cha Mtwara kina miaka mia moja, ama anamdanganya ama anamkaribisha kwenye matatizo uwanja wa ndege. Mara nyingi anamdanganya. Mti mweupe ukipakwa rangi ya viatu unafanana na mpingo, na moshi na udongo humwongezea mtoto wa juzi umri wa babu. (Mpingo halisi ni mzito, ukitiwa majini huzama. Hakuna muuzaji anayefurahi ukiomba ndoo.)

Kwa hiyo siwezi kumkataza mtu kukusanya, ila vitu viwili navitenganisha. Kitu cha ibada au cha makaburi, kama vigango vya Wamijikenda wa Kenya, yaani nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, ambavyo vingi viling'olewa vikaishia Marekani, kiachwe kilipo hata kama kitaoza, maana kuoza kwake kumo ndani ya kazi yake. Kasha, kiti, kijiko, mlango wa nyumba iliyobomolewa: nunua, mradi uandike kimetoka wapi na kwa nani. Na mwenye fedha kweli aende soko la wachongaji la Mwenge, anunue kipya, adai jina la mchongaji na mwaka vichongwe chini ya kitako.

Najua pingamizi la wenye vibanda: jina na mwaka vinafukuza mteja anayetafuta "cha kale". Huenda ni kweli kwa mtalii wa siku moja. Lakini mteja huyo hulipa bei ya kumbukumbu ya safari, na fundi aliyekesha na patasi huishia kugawana hiyo hiyo na dalali.