Whaler ya Massachusetts, Yamaha ya Lamu

Nikirudi Lamu, barazani huulizwa swali ambalo muulizaji ana jibu lake tayari: kwani huko kwenu watu wanajuana? Inasadikiwa kwamba Ulaya na Marekani kila mtu na mlango wake, na maiti huweza kukaa ndani wiki nzima jirani hana habari. Kwa mitaa niliyoishi, sibishi sana. Lakini mimi nafanya kazi katika yadi ya boti, pwani ya kusini ya Boston, na hapo nimeona watu wasiojuana kwa jina wala kwa sura wakikaa mchana kutwa kama ndugu, kisa kila mmoja ana Boston Whaler.

Kwa asiyeijua, Whaler ni boti ndogo ya faiba iliyoingia sokoni mwaka 1958. Mwenye kampuni alikuwa Dick Fisher, na umbo lilichorwa na Ray Hunt. Siri yake iko katikati ya maganda mawili ya faiba, la nje na la ndani: pamejazwa povu lililoganda, kwa hiyo hata ikijaa maji, haizami. Mwaka 1961 jarida la Life lilitoa picha za Fisher ameketi ndani ya Whaler ya futi 13 huku ikikatwa kwa msumeno katikati. Kisha akaondoka zake na kile kipande cha nyuma chenye mashine. Wenye Whaler wanaisimulia siku ile kana kwamba wote walikuwepo ufukweni.

Basi njoo yadini kwetu mwezi wa tano, plastiki nyeupe zinapochanwa na boti zinatoka kwenye usingizi wa baridi. Mzee mmoja anavuta trela yake. Mwingine anamkuta na, salamu bado, ameshainama kuchungulia ndani. Anaona ile buluu ya zamani, anapapasa mbao za kukalia, anauliza kama ni mkangazi wa mwanzo au umebadilishwa. Umebadilishwa kimoja tu, anajibiwa, kwa masikitiko. Saa nzima baadaye bado wako pale pale, na yule wa pili ameshafungua buti ya gari kutoa vishikizo vya shaba alivyovinyofoa kwenye boti iliyokufa, anampa bure. Jina lake ataliuliza wakati wa kuagana. Na wakikutana majini mkono lazima upande, mpaka mtoto aliyekaa mbele anafundishwa kupunga.

Mwenye boti ya chapa nyingine naye husalimiwa, kwa adabu, na salamu inaishia hapo.

Ukiharibikiwa katikati ya ghuba, mambo yanabadilika kabisa. Sheria ya Marekani inamtaka nahodha amwokoe mtu aliye hatarini baharini. Boti yako ni mzigo wako. Kwa hiyo watu hulipa ada ya mwaka kwa kampuni za kuvuta boti, mfano Sea Tow iliyoanza mwaka 1983, na mashine ikizima kitu cha kwanza ni kutafuta kadi ya uanachama. Anayepita karibu hupunguza mwendo, huuliza kama mko salama, na akiambiwa kampuni inakuja huendelea na safari yake akiwa na dhamiri safi. Mara ya kwanza kuliona hilo nilikasirika kwa niaba ya mtu ambaye mwenyewe hakukasirika hata kidogo. Alikuwa ametulia anakula mkate wake.

Kwetu, kati ya Mokowe upande wa bara na Amu, yaani mji wa Lamu, mtu akizimikiwa na mashine hana haja ya kupiga simu. Anasimama, anapunga shati, na boti ya kwanza kupita inageuza, abiria wanung'unike wasinung'unike. Kamba inarushwa. Na hapa ndipo Yamaha inapoingia. Pwani yetu, kuanzia boti za abiria mpaka za wavuvi wa Kizingitini na Kiunga, Yamaha Enduro ndiyo mashine. Ni mashine ya kizamani, ya kuchanganya petroli na oili, unaivuta kamba inawaka, na fundi anaifungua juu ya gunia ufukweni kwa spana chache. Sijawahi kumsikia mtu wa Lamu akisema anaipenda. Wanaichukua kwa sababu spea ziko dukani, na kwa sababu plagi yangu inaingia kwako. Rafadha yako ikivunjika kwenye mwamba, ya binamu yako itakaa. Ukinunua mashine ya peke yako, hata ikiwa bora, umejitoa kwenye mzunguko huo: ikikufia Ndau hakuna wa kukuazima kitu.

Kwa hiyo naona Mmarekani anaanza na chapa, ndiyo inayompatia marafiki. Sisi jamaa tunao tangu kuzaliwa, na tukachagua chapa itakayoturahisishia kusaidiana.

Mapenzi ya chombo tunayo, ila yako kwenye mashua. Nenda kwenye mashindano uone. Watu wa Shela, wa Matondoni, wa Kipungani, kila upande na mashua yake, na sifa zinakwenda kwa nahodha na kwa fundi aliyeichonga. Ugomvi wa nani alimziba nani upepo unaweza kudumu mpaka mashindano yajayo. Na chombo kipya kikishuliwa, wanaitwa watu, wanakuja na wasioitwa, kamba zinashikwa, wimbo unaanza, kinasogea shubiri kwa shubiri kwenye magogo mpaka kinagusa maji. Halafu pilau. Yadini kwetu kazi hiyo inafanywa na mtambo wenye mikanda miwili, na mwenye boti anapokea ankara.

Ila nisije nikapamba nyumbani kupita kiasi, maana wenye boti wanajua. Nanga iliyoazimwa hairudi. Mafuta uliyochoma kumvuta mtu nusu saa, atakwambia "Mungu atakulipa", na unabaki kumngoja Mungu. Kuna jamaa hajawahi kulipa nauli maisha yake yote kwa sababu ni shemeji wa kila nahodha. Na fundi mzuri akifariki, vipimo vyake vinazikwa naye, kwa sababu vilikuwa kichwani. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Hapa mzee wa Whaler anajua boti ya mwaka 1965 ilitoka kiwandani na skrubu za namna gani, na ana karatasi. Sisi wenye historia ya mtepe, chombo cha kale cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, tukimuuliza kijana jahazi la babu yake lilichongwa na nani, anajua ukoo tu. Kuandika urefu wa mkuku na aina ya mbao hakuhitaji ufadhili wa mtu. Daftari la shule linatosha.

Mwaka 2020 kampuni ya BRP ilipoacha kutengeneza mashine za Evinrude, jina lililokuwepo tangu siku za Ole Evinrude zaidi ya miaka mia moja nyuma, hapa kuna watu walihuzunika kweli. Mmoja alizinunua plagi na pampu za akiba za kumtosha mpaka kaburini. Nilijaribu kuwaza Yamaha ikifungwa kesho Lamu ingekuwaje. Tungelaani siku mbili, ya tatu tungeuliza ni ipi sasa yenye spea Mombasa.

Juzi mpwa wangu ameniletea ujumbe: "Shikamoo mjomba. Nitumie mashine kutoka huko, huko ndiko kwenye mashine." Nimemweleza kwamba anayoitaka haiuzwi mpya Marekani kwa sababu ya sheria za moshi, na zile za hapa zina kompyuta ndani ambayo hakuna fundi wa Amu atakayeifungua juu ya gunia. Nimemtumia pesa akanunue Mombasa. Hakuuliza achukue ya aina gani.