Utando wa polima kwenye elektrodi: tunauhukumu kwa kazi isiyo yake

Kila superkapasita, vifaa vinavyohifadhi umeme na kujazwa upesi kuliko betri, zinapozungumzwa hapa Mombasa, kaboni hushinda kabla mjadala haujaanza, wala si ajabu: kaboni amilifu inayojaza elektrodi zake, yaani sehemu zinazoshika chaji, hutengenezwa pia kwa vifuu vya nazi, na kwa mtu wa Pwani kifuu ni kuni. Anayezitetea polima zinazopitisha umeme, jamii ya plastiki kama polianilini na polipiroli, huulizwa swali moja tu: zitadumu mizunguko mingapi ya kujazwa na kumwagwa?

Swali ni la haki. Kaboni huhifadhi chaji juu ya ngozi yake, ioni (chembe zenye chaji) zikija na kuondoka bila kuibadili, ndiyo maana hustahimili kujazwa na kumwagwa mara laki kadhaa, hata kufikia milioni. Polima huhifadhi chaji ndani ya mwili wake. Ioni zikiingia huvimba, zikitoka hunywea, na baada ya mizunguko elfu chache, pengine chini ya hapo, huanza kuchanika na kubanduka.

Lakini hiyo milioni tuipigie hesabu. Taa ya sola inayojazwa mchana na kutumika usiku hufanya mzunguko mmoja kwa siku, kwa hiyo mizunguko milioni moja ni zaidi ya miaka 2,700, na mizunguko 5,000 peke yake ni zaidi ya miaka 13. Ni nani amewahi kuwa na taa ya miaka 13? Kwa tuktuk ya umeme inayorudisha nguvu kila inapofunga breki tangu Buxton hadi Ferry, mambo ni mengine: breki 200 kwa siku humaliza mizunguko 5,000 kwa siku 25. Huko kaboni haina mpinzani, nami sitaitafutia.

Kinachosahauliwa ni unene wa utando wa polima. Kipande cha chuma kisichoshika kutu kikitumbukizwa katika anilini, kemikali inayozaa polianilini, iliyotiwa asidi na kupitishiwa umeme, baada ya dakika chache huvaa utando wa kijani. Ukikiacha, utando hunenepa, huwa mweusi na kupukutika ukiguswa. Fundi yeyote wa rangi anajua kwamba mkono mmoja mnene hupasuka upesi kuliko mikono miwili myembamba. Utando mwembamba uliopakwa juu ya kaboni hauna masafa marefu ya kupitisha ioni, na uvimbaji wake hubebwa na kaboni iliyo chini. Faida yake si ndogo: gramu ya kaboni amilifu hutoa kwa kawaida faradi (kipimo cha uwezo wa kuhifadhi chaji) 100 hadi 300 maabarani, ilhali polianilini huweza kupita 500.

Tena polima si ngeni madukani. Fungua kompyuta yoyote ya kisasa kwa fundi, utaona kwenye bodi vikopo vya fedha visivyo na alama ya msalaba kichwani. Vingi ni kapasita, vihifadhi vidogo vya chaji, ambazo ndani yake polima imechukua nafasi ya elektroliti, kimiminika kinachopitisha chaji. Atakayesema kwamba humo polima hupitisha chaji tu, haiihifadhi yenyewe, atakuwa amesema kweli, na hapo ndipo hoja yangu ilipo: ikipewa kazi inayoiweza, hudumu.

Zipo kasoro ambazo wembamba hauzitibu. Polianilini huhitaji asidi ili ipitishe umeme vizuri, na volti zikizidi huvunjika kikemia. Lakini nikiambiwa elektrodi fulani ilipoteza theluthi ya uwezo wake baada ya mizunguko 1,000, nitauliza kwanza utando wake ulikuwa na unene gani.