Soka ni Lao, Mpira ni Wetu

Tamka “soka” mbele ya Mwingereza uone atakavyokunja uso. Atakwambia hilo ni neno la Wamarekani, watu wasioujua mchezo. Laniudhi hilo, maana neno ni lake mwenyewe. Mwaka 1863 vilabu vya London viliunda Football Association, na mchezo uliofuata sheria zake ukaitwa association football ili usichanganywe na raga. Wanafunzi wa Oxford walikuwa na mtindo wa kukata maneno na kubandika “-er” mwishoni: rugby ikawa rugger. Kwenye association wakachomoa “soc”, wakaibandika mkia uleule: soccer, ndiyo soka yenyewe. Magazeti yao yakaliandika miaka na miaka bila haya. Leo walikana kama mtoto wa nje.

Najua mtasema: huyu ashapanda ndege, sasa atufundisha maneno. La! Kwani nimemsifu Mwingereza? Kwa viwanja tusijilinganishe nao, mnajua wenyewe. Kwa neno, lakini, Mombasa tumewashinda.

Mpira kwanza ni mmea. Ndiyo maana hadi leo umo kwenye ngeli ya miti: mti huu, mpira huu, miti hii, mipira hii. Utomvu wake ukiganda nao ni mpira, na karne ya 19 ulisafirishwa sana kutoka pwani hizi. Jina likahamia kwa vilivyotengenezwa nao, mpira wa kumwagilia maji ukiwemo, kisha kwa kile cha kupigwa teke, kisha kwa mchezo, hadi mechi yenyewe: “mpira umekwisha, mbili moja.” Na hakuna anayechanganyikiwa.

Kuna atakayenijibu kwamba watangazaji wetu nao husema soka. Sina ugomvi, limeshonwa vizuri, “r” imetolewa, irabu ikakaa mwishoni. Ninachokataa ni kijana wa Majengo kuona haya kusema “naenda mpirani” akidhani soka ndilo la kisomi. Usomi gani? Ni misimu ya wanafunzi!

Tazameni mpira wa karatasi wa vichochoroni. Matambara katikati, juu yake hizo karatasi, yaani mifuko ya nailoni (adimu tangu marufuku ya 2017) tabaka baada ya tabaka, kisha kamba inayopishana kama wavu. Kamba ikilegea upande mmoja, unakuwa yai na kwenda mrama. Fundo likikatika, matumbo yote nje. Ndani hamna tone la utomvu, na watoto wauita mpira vilevile.