Suruali Haikupasuka

Kwa kuwa rafiki yangu wa Mombasa, ambaye tunalala naye chumba kimoja hapa Dubai, ameshawatumia nyote ile video ya mimi nikicheza kwenye sherehe ya kazini akiwa ameisindikiza na maneno kwamba suruali yangu ilipasuka hadharani, nalazimika kutoa maelezo rasmi. Suruali haikupasuka. Ilishonwa na fundi wa Barabara ya 12, Tanga, na hadi naandika haya haijaachia hata uzi mmoja, kwa hiyo fundi wa watu aachwe na heshima yake. Kilichotokea ni kibaya zaidi.

Asiyewahi kufanya kazi na Wafilipino hatauelewa uzito wa sherehe ya Krismasi kazini. Kwao msimu huanza Septemba, na watu hawaulizani kitaliwa nini bali nani atacheza nini, maana kila idara huingia mashindanoni, kuanzia meneja mpaka anayeosha masufuria. Idara yetu ya ulinzi, yenye Wanepali, Waghana na Mswahili mmoja, ilifanya uchaguzi wake nikiwa lindoni. Niliporudi nilikuta nimeshapita bila kupingwa, tena nimewekwa mstari wa mbele, katikati.

Tulipangiwa "Spageti Song" ya Sexbomb Girls. Hao walikuwa wasichana wacheza dansi wa Eat Bulaga!, kipindi cha mchana cha televisheni kilichoanza mwaka 1979 na ambacho Wafilipino wa rika zote wamekulia mbele yake. Joey de Leon, mmoja wa waongozaji wake, sauti yake imo pia ndani ya wimbo huo. Ulitoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, na maneno yake hayana falsafa yoyote: kiitikio kinauamrisha mwili ushuke, uzidi kushuka, kisha upande, uzidi kupanda. Kwa maoni yangu ndiyo maana haufi. Wimbo wa mapenzi humpata anayependa, lakini huu humpata yeyote mwenye magoti. Msimamizi wetu wa mapokezi aliucheza akiwa mtoto wa shule, na vijana wa jikoni, ambao baadhi yao walikuwa bado kuzaliwa ulipotoka, wameurithi katika sherehe za kuzaliwa, ambako huchezwa karibu na sinia la spageti yenyewe, tamu kwa sukari, yenye vipande vya soseji nyekundu na sosi ya ndizi. (Naam, sosi ya ndizi. Msianze.)

Dada mmoja wa usafi wa vyumba, ambaye sote tunamwita Ate, yaani dada mkubwa kwa Kifilipino, kwa heshima ya umri wake, alitufundisha kwa subira kubwa: miguu wazi, mikono kiunoni, nyonga zitangulie, tumbo lifuate. Tumbo langu lilikuwa mwanafunzi bora kuliko wote.

Sasa njooni taratibu. Ubeti wa kwanza ulipita salama. Amri ya kushuka ilipokuja, nilitanua miguu nikaanza kuteremka huku nikitikisa nyonga kwa adabu. Nilipofika robo ya safari, ukumbi ulipiga makofi. Nilipofika nusu, meneja alisimama. Nilipokaribia sakafu, pale ambapo visigino na makalio huanza kusalimiana, nilisikia ndani ya goti la kulia mlio mdogo, mkavu, kama wa njugu inayobanjwa. Huo ndio mlio ambao mwandishi wenu wa habari aliutangaza kuwa ni suruali.

Muziki ukaamuru kupanda. Wenzangu wakapanda. Mimi pia niliamuru, lakini goti halikuitikia.

Nilibaki chini peke yangu, nimechuchumaa katikati ya jukwaa, mikono kiunoni, tabasamu limeniganda usoni. Nilijaribu kujiinua upande wa kushoto nikayumba, nikajaribu wa kulia nikayumba zaidi, na kuyumba huko kukapokewa na ukumbi mzima kama mtindo mpya kutoka Afrika. Kijana wa muziki, ambaye ni mtu makini sana katika kazi yake, aliurudisha wimbo kwenye sehemu ya kushuka ili anisindikize. Wenzangu, wakidhani nimebadilisha mpangilio, wakashuka wanifuate. Wakapanda. Mimi nipo. Wakashuka tena. Mimi bado nipo, na sasa nilikuwa nimeanza kuwasalimia kila walipofika.

Maumivu yalipozidi, Kiingereza chote kilinitoka kichwani nikapiga ukelele: "Goti! Goti!" Meza ya jikoni ikajibu, "Goti!" Meza ya mapokezi ikadaka. Baada ya muda mfupi ukumbi wote ulikuwa unaimba "Goti" kwa mapigo ya Spageti, na makofi mawili kila baada ya goti, huku mhasibu mkuu, mama wa makamo anayetukata mishahara kwa kuchelewa, akichuchumaa mbele ya meza yake kuonyesha kwamba naye anaujua. Mtu pekee aliyekielewa Kiswahili mle ndani ni yule wa Mombasa. Nilimtazama machoni, nikamwambia, "Ndugu yangu, nimekwama kweli, njoo uniinue!" Naye akanijibu, na mkiisikiliza video vizuri mtamsikia, "Ngoja kidogo bwanangu, navuta picha."

(Wewe unayenitumia "pole Bwana Spageti" na vikaragosi vya kucheka, nimekuona.)

Aliyeniokoa ni Ate. Alinitazama usoni, akaona jasho lile si la dansi, akachomoa waya wa spika. Wapishi wawili wakanibeba juu ya kiti cha plastiki, na kwa kuwa majaji walikuwa wameshaamua, idara ya ulinzi ikatangazwa mshindi na zawadi, ambayo ni sufuria ya umeme ya kupikia wali, ikawekwa mapajani mwangu nikiwa tayari naelekea mlangoni. Kabla hatujaifikia lifti waya ulikuwa umesharudishwa mahali pake na "Otso-Otso" ya Bayani Agbayani, wimbo mwingine wa Kifilipino wa kuchezwa, inanguruma, na mmoja wa wapishi walionibeba alikuwa anaicheza kwa mabega, nami juu yake nikiicheza kwa lazima.

Zahanati nilipokewa na muuguzi, naye Mfilipino. Nilimweleza kwamba nimeteleza kwenye ngazi. Aliandika kwa utulivu, akanikagua, akanifunga bendeji, kisha akaniuliza, kwa ajili ya kumbukumbu za hospitali, goti lilikwama wakati wa kushuka au wakati wa kupanda.