Hali fiche si ya kudharauliwa Malindi

Tangu Google ikubali, Aprili 2024, kufuta mabilioni ya rekodi za watu waliotumia hali fiche (incognito) ya Chrome, kivinjari chake cha intaneti, wengi wamehitimisha kwamba kinga za faragha zilizomo ndani ya vivinjari ni danganya toto. Lawama hiyo ina msingi. Kesi ilifunguliwa Marekani mwaka 2020, walalamikaji wakidai dola bilioni 5 kwa kufuatiliwa huku wakiamini hawaonekani. Mapatano hayakuwapa fidia. Kila mmoja aliachiwa haki ya kushtaki peke yake. Maneno ya ukurasa wa hali fiche yalibadilishwa, na sasa yanaeleza kwamba tovuti, pamoja na huduma za Google yenyewe, bado zinaweza kukusanya data. Hali hiyo ilianza 2008. Miaka yote hiyo ni mirefu mno kwa maelezo mafupi namna ile.

Ila wanaoibeza humfikiria mtu mwenye kompyuta yake, chumbani mwake. Sisi huku hatuishi hivyo. Mtu wa Maweni au Barani anayetafuta PIN ya KRA, cheti cha tabia njema au mkopo wa HELB huketi saiba, duka la intaneti ya kulipia, kwenye kompyuta iliyokwisha kukaliwa na watu chungu nzima tangu asubuhi. Akimaliza huondoka mbio kuwahi tuktuk, na eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, anaiacha wazi. Anayeketi baada yake anakuta jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu. Kikulacho ki nguoni mwako: wa kumdhuru mapema ni huyu aliyerithi kiti, kabla ya kampuni yoyote ya California. Na nyumbani simu moja hupita kwa mama, kwa kaka, kwa binamu aliyekuja likizo. Msichana anayesoma habari za uzazi wa mpango, au mtu mzima anayetafuta dalili za ugonjwa asiotaka kuutaja, hofu yake kubwa ni wa nyumbani. Kwa hao hali fiche hutimiza kazi yake hasa: dirisha likifungwa, historia na vidakuzi, vile vijifaili vinavyomkumbuka mtumiaji, hufutika, na akaunti hazibaki wazi.

Lazima yafungwe madirisha fiche yote, kwa kuwa hutumia vidakuzi vile vile. Likisalia moja, akaunti nayo imesalia. Faili lililopakuliwa halifutiki, na mara nyingi ndilo lenye cheti chenyewe. Wala hali fiche haiizuii programu ya kijasusi iliyotegwa kwenye kompyuta ya saiba.

Faida nyingine haitajwi vya kutosha, nayo ni kinga inayowashwa bila mtu kuombwa. Safari, kivinjari cha Apple, kilianza Machi 2020 kuvizuia vidakuzi vyote vya kampuni za pembeni, zile zisizo za tovuti unayoisoma. Kivinjari cha Firefox, kuanzia Juni 2022, huvitenga vidakuzi vya kila tovuti visimfuate mtu kwingine. Nani hapa mjini hufungua mipangilio ya kivinjari? Wachache sana, na hao wachache walikwisha kujikinga kwa njia zao. Kinga hizi zimemfikia yule asiyejua kwamba anafuatiliwa, na hilo nalithamini kuliko programu nzuri kumi za kupakua.

Wenye shaka watauliza kuhusu Chrome, na ni haki yao. Januari 2020 Google iliahidi kuviondoa vidakuzi vya aina hiyo, ikaahirisha tena na tena, kisha Julai 2024 ikaachana na mpango. Mapato yake makubwa ni ya matangazo. Mozilla nayo, watengenezaji wa Firefox, mwezi huo huo iliwasha katika kivinjari hicho mfumo wa kupima matangazo bila kuwauliza watumiaji, na Septemba noyb, shirika la kutetea faragha, likaishtaki kwa mamlaka ya data ya Austria. Kwa hiyo imani yangu naiweka kwenye kinga moja moja, baada ya kujua inamficha nani kwa nani. Jina la kampuni halinitoshi.

Kifungu cha 41 cha Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinamtaka anayeshika data za watu aweke ulinzi tangu mwanzo. Wenye saiba wanaweza kuanza leo bila gharama: wamfungulie kila mteja hali ya mgeni (Guest) iliyomo ndani ya Chrome, na akishalipa wafute alichopakua, yeye mwenyewe akiwa bado amesimama pale anaona.